Kipimo cha Steroidi: Mashine Inasema Kweli, Lakini Chupa Imepita Mikononi mwa Nani?

Tarehe 5 Oktoba 2007, nje ya mahakama ya White Plains katika jimbo la New York, mkimbiaji Marion Jones alisimama mbele ya kamera na kukiri, huku akilia, kwamba alikuwa amewadanganya wachunguzi wa serikali ya Marekani na kwamba alitumia steroidi katika kipindi cha Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, ambako alishinda medali tano. Medali hizo zote alipokonywa, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa uongo huo pamoja na kosa jingine la ulaghai wa hundi. Kwa miaka yote iliyotangulia, kila aliposhukiwa, alijitetea kwa hoja ambayo yenyewe haikuwa ya uongo: amepimwa mara nyingi, na hakuna kipimo cha steroidi kilichomkamata.

Hoja hiyo ingali hai katika kila mchezo wa kulipwa. Bingwa akishukiwa hutaja idadi ya vipimo alivyofanyiwa, na mashabiki wake huridhika. Upande wa pili wapo waliokata tamaa kabisa, wanaoamini kwamba vipimo vyote ni maigizo na kwamba anayekamatwa ni yule tu aliyekosa wa kumlinda. Ninaamini kwamba pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinajadili kana kwamba upimaji wa steroidi ni tendo moja, linaloaminika au lisiloaminika. Upimaji ni mlolongo mrefu. Unaanza kwa mtu anayeamua nani apimwe na siku gani, unapita kwa anayeshika chupa ya mkojo, unaingia katika mashine ya maabara, kisha unaishia kwa anayeamua kama matokeo yatangazwe au yafungiwe kabatini. Kwa muda wa nusu karne pete iliyoimarika zaidi katika mnyororo huo ni mashine, na kashfa kubwa karibu zote zimetokea katika pete nyingine.

Steroidi zinazozungumziwa hapa ni dawa zilizotengenezwa kwa kuiga testosteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamume huizalisha kwa wingi na wa mwanamke kwa kiasi kidogo. Hujenga misuli na kuuwezesha mwili kupona haraka baada ya mazoezi makali, ili mwanariadha aweze kurudia kesho kazi ambayo mwenzake ataihitaji siku tatu kuirudia. Faida yake, kwa hiyo, hupatikana mazoezini, wiki na miezi kabla ya mashindano. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililovuruga upimaji tangu siku ya kwanza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga marufuku steroidi mwaka 1975, ikaanza kuzipima rasmi katika Michezo ya Montreal mwaka 1976, na wanariadha 8 wakakutwa nazo. Vipimo hivyo vilifanywa wakati wa mashindano. Aliyejua tarehe ya mashindano, na kila mtu aliijua, alichopaswa kufanya ni kuacha dawa mapema kiasi cha mwili kujisafisha, huku misuli aliyoijenga ikibaki.

Ujerumani Mashariki ililifanya hilo kuwa mpango wa taifa. Kuanzia mwaka 1974, chini ya mpango wa siri uliojulikana kama Mpango wa Serikali 14.25, maelfu ya wanariadha, wakiwemo wasichana wadogo walioambiwa kwamba wanapewa vitamini, walilishwa vidonge vya Oral-Turinabol. Katika mji wa Kreischa kulikuwa na maabara yenye ithibati ya Kamati ya Olimpiki, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwapima wanariadha hao kabla ya safari. Ambaye mkojo wake haujasafika alibaki nyumbani kwa kisingizio cha jeraha. Hii ni maabara halali, yenye mashine sahihi na wataalamu wanaoijua kazi yao, na kila jibu iliyotoa huenda lilikuwa la kweli. Nyaraka za mpango huo zilifichuliwa baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, kwa juhudi za mwanabayolojia Werner Franke na mkewe Brigitte Berendonk, aliyewahi kuwa mwanariadha. Hakuna chupa ya mkojo iliyoufichua.

Ugumu wa pili ni wa kikemia, na unastahili kuelezwa taratibu. Steroidi ya kiwandani isiyopatikana mwilini, kama stanozolo iliyomkamata Ben Johnson baada ya kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 huko Seoul mwaka 1988, ina umbo lake la pekee. Mashine ikiliona umbo hilo au mabaki yake katika mkojo, hakuna mjadala kuhusu lilikotoka, kwa kuwa mwili hauwezi kulitengeneza. Testosteroni yenyewe ni suala jingine. Kila mtu anayo. Kuiona katika mkojo hakuthibitishi lolote, na kupima wingi wake peke yake hakusaidii sana, kwa sababu wingi huo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na hata kwa mtu yule yule baina ya asubuhi na jioni.

Ufumbuzi ulitoka kwa mkemia wa Cologne, Manfred Donike. Mwili huzalisha pia homoni iitwayo epitestosteroni, ambayo inafanana sana na testosteroni lakini haijengi misuli. Kwa watu wengi hizi mbili hutoka katika mkojo kwa viwango vinavyokaribiana. Mtu akijidunga testosteroni, kiwango cha ile ya kwanza hupanda na cha ile ya pili hakipandi, hivyo uwiano wao huharibika. Kikomo kiliwekwa kuwa sita kwa moja, na kipimo kilipofika katika Michezo ya Pan-American mjini Caracas mwaka 1983, wanariadha kadhaa walikamatwa, na zaidi ya kumi wa Marekani wakafungasha virago na kurudi kwao kabla ya kushindana. Mwaka 2005 kikomo kilishushwa hadi nne kwa moja.

Lakini kikomo kimoja kwa wanadamu wote kina kasoro kubwa, na iligunduliwa kwa kuchelewa. Ipo jeni iitwayo UGT2B17, inayouwezesha mwili kuifungasha testosteroni ili iweze kutoka kwenye mkojo. Watu wengine huzaliwa bila jeni hiyo kabisa. Katika utafiti uliolinganisha wanaume wa Korea na wa Sweden uliochapishwa mwaka 2006, takriban theluthi mbili ya Wakorea hawakuwa nayo, wakati kwa Waswidi ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Watafiti wa Sweden walikwenda mbele zaidi mwaka 2008: waliwadunga wanaume 55 miligramu 500 za testosteroni kila mmoja, kisha wakaufuatilia mkojo wao. Kati ya wale wasio na jeni hiyo, asilimia 40 hawakuufikia uwiano wa nne kwa moja hata siku moja. Walikuwa na dawa mwilini, iliyodungwa na daktari mbele ya mashahidi, na kipimo kiliwaona wasafi. Sheria iliyoandikwa kwa nia ya kuwa sawa kwa wote ilikuwa imewapa wengine ruhusa kwa kuzaliwa kwao.

Marekebisho mawili yalifuata, na yote mawili ni ya maana. La kwanza ni pasipoti ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya mwanariadha mmoja kwa muda mrefu, ambayo sehemu yake ya steroidi ilianza kutumika mwaka 2014. Badala ya kumlinganisha mwanariadha na binadamu wa wastani, inamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana na juzi. Uwiano wa mbili kwa moja si tatizo kwa mtu ambaye siku zote yuko hapo, ila kwa mtu ambaye kwa miaka mitatu amekuwa na nusu kwa moja, kupanda ghafla hadi mbili ni dalili ya kufuatiliwa, ingawa kikomo cha zamani kingempitisha bila swali.

La pili linanivutia zaidi kwa uzuri wa wazo lake. Kaboni iliyomo katika kila kiumbe hai ina aina mbili zisizobadilika, nyepesi na nzito kidogo, na uwiano wake hutegemea mimea iliyokuwa mwanzo wa chakula chake. Testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, ambayo ina upungufu wa ile kaboni nzito. Testosteroni ya mwilini hutokana na mchanganyiko wa vyakula vyote anavyokula mtu, yakiwemo mahindi, miwa na nyama, hivyo kaboni nzito huwa nyingi kidogo. Mashine ikipima uwiano huo inaweza kusema kama homoni hii ilizaliwa ndani ya mtu au ilianza safari yake shambani. Kipimo hiki ndicho kilichommaliza mwendesha baiskeli Floyd Landis baada ya hatua ya 17 ya Tour de France ya mwaka 2006. Waamuzi walikubali kwamba kile kipimo cha kwanza cha uwiano wa homoni hakikufanywa kwa kufuata kanuni ipasavyo, lakini ushahidi wa kaboni ulisimama, na ubingwa ukaondoka. Udhaifu wa kipimo hiki ni gharama na muda, kwa hiyo hakifanywi kwa kila chupa, bali kwa zile zilizokwisha kutiliwa shaka.

Sasa turudi kwa mtu anayesema, "Nimepimwa mara nyingi na sikukutwa na kitu." Tuweke mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Kuna wanariadha 1,000, na 100 kati yao wanatumia steroidi. Kipimo kinawanasa watumiaji 20 tu, kwa kuwa wengine 80 dawa imeshatoka mwilini au imo kwa kiwango kisichoonekana, na katika wale 900 wasiotumia kinamsingizia mmoja kimakosa. Waliokutwa na dawa ni 21, na 20 kati yao ni watumiaji kweli. Jibu la kukutwa na dawa, basi, lina uzito mkubwa. Ambao hawakukutwa ni 979, na ndani yao wamo watumiaji 80. Kabla ya kipimo, mwanariadha yeyote aliyechukuliwa bila mpangilio alikuwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kuwa mtumiaji. Baada ya jibu safi, uwezekano huo umeshuka hadi asilimia 8 na ushee. Kipimo ni kile kile, maabara ni ile ile, lakini jibu moja limesema mengi na jingine halijasema karibu lolote. Wala kurudia kipimo mara mia hakusaidii sana ikiwa kila mara kinafanywa katika siku ambazo mtumiaji amejiandaa, kwa sababu kosa la kipimo cha kwanza ndilo kosa la kipimo cha mia.

Ukubwa halisi wa pengo hilo ni vigumu kuupima, lakini upo utafiti mmoja uliojaribu kwa uangalifu. Mwaka 2011, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Daegu na Michezo ya Nchi za Kiarabu ya Doha, wanariadha zaidi ya 2,000 waliulizwa, kwa njia iliyomhakikishia kila mmoja kwamba jibu lake binafsi haliwezi kutambulika, kama walitumia kwa makusudi dawa au mbinu yoyote iliyopigwa marufuku katika mwaka uliopita. Makadirio yalikuwa asilimia 43.6 kwa Daegu na asilimia 57.1 kwa Doha. Takwimu hizo zinahusu dawa za kila aina, steroidi ikiwa mojawapo, na wapo wataalamu wanaoona kwamba njia ile inaweza kukuza idadi. Hata tukizipunguza kwa nusu, tuziweke kando ya hizi: mwaka 2019 maabara zenye ithibati duniani zilichunguza takriban sampuli 278,000, na zilizokutwa na kitu kilichokatazwa hazikufika asilimia 1.

Kuna sababu nyingine ya pengo hilo ambayo mashine haiwezi kuiponya yenyewe: huona kile ilichofundishwa kukitafuta. Mwezi Juni 2003, shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni lilipokea bomba la sindano lililotumika, lenye mabaki ya kimiminika kisichojulikana. Aliyelipeleka, kama ilivyobainika baadaye, alikuwa kocha wa mbio fupi Trevor Graham, aliyewahi kumfundisha Marion Jones. Bomba lilifika kwa Don Catlin na maabara yake ya Los Angeles, ambao walitumia wiki kadhaa kulitambua umbo la dawa hiyo. Ilikuwa steroidi mpya, tetrahidrogestrinoni, iliyobuniwa na mkemia Patrick Arnold na kugawiwa kupitia kampuni ya BALCO ya Victor Conte. Haikuwa katika orodha yoyote, wala haikuvumilia joto la njia ya uchunguzi iliyokuwa ikitumika. Ilivunjika ndani ya mashine kabla ya kuonekana. Baada ya Catlin kuunda njia mpya, sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa tena, na mkimbiaji wa Uingereza Dwain Chambers akawa miongoni mwa waliokamatwa. Laiti kocha yule asingelipeleka lile bomba, sijui ni fainali ngapi zaidi zingekimbiwa kabla ya mtu kujua.

Hapa tumefika mahali ambapo ningependa msomaji aingie kwa karibu, ndani ya chumba chenyewe. Afisa anamfuata mwanariadha tangu anapotoka uwanjani na hamwachi machoni. Chooni, shahidi wa jinsia yake anasimama akitazama, shati limepandishwa na suruali imeshushwa hadi magotini, ili mkojo uonekane ukitoka mwilini. Unahitajika mililita 90. Mwanariadha mwenyewe anachagua kifurushi chenye chupa mbili za kioo, anaukagua mhuri wake, anaumimina mkojo kwa mkono wake, katika chupa A na chupa B. Vifuniko vina meno ya chuma. Ukivizungusha vinalia kwa kukwama hatua kwa hatua, na vimeundwa visirudi nyuma. Chupa zina namba, hazina jina. Maabara itafungua A, na B itasubiri ikiwa na mhuri wake, ili mwanariadha akipinga jibu la kwanza ifunguliwe mbele yake au mbele ya mwakilishi wake. Utaratibu huu unadhalilisha, na wanariadha safi wanaupitia mara nyingi kwa mwaka kwa ajili ya haki ya kushindana. Kila anayeuharibu amewaibia hao kwanza.

Uharibifu unaweza kuwa wa uzembe tu. Mwezi Oktoba 2011 mchezaji wa besiboli wa Milwaukee, Ryan Braun, alipimwa na kukutwa na testosteroni kwa uwiano uliopita kiasi. Ilikuwa Jumamosi, na afisa aliyechukua sampuli, akiamini kwamba kampuni ya usafirishaji haitaipeleka hadi Jumatatu, aliihifadhi nyumbani kwake kwa takriban saa 44, ingawa mwongozo ulitaka ipelekwe siku hiyo hiyo. Mihuri ilifika maabara ikiwa salama, na hakuna aliyeonyesha kwamba mkojo uliguswa. Hata hivyo, mwezi Februari 2012 mwamuzi alifuta adhabu, kwa kuwa kanuni ya ulinzi wa sampuli ilikuwa imevunjwa. Wengi walikasirika, hasa baada ya Braun kukiri mwaka 2013 kwamba kweli alitumia. Mimi naona kwamba mwamuzi alitenda sawa. Nguvu ya jibu la maabara inatokana na kuweza kuonyesha chupa ilikuwa wapi kila saa, na mfumo unaosamehe pengo la saa 44 leo kwa sababu mtuhumiwa ana hatia hautakuwa na la kumwambia asiye na hatia kesho.

Uharibifu wa makusudi ulifikia kilele chake katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi, Februari 2014. Mkuu wa maabara ya Moscow, Grigory Rodchenkov, alieleza baadaye, na uchunguzi wa mwanasheria wa Kanada Richard McLaren ukathibitisha mwaka 2016, jinsi chupa zilivyopitishwa usiku kwenye tundu dogo ukutani, karibu na sakafu, kutoka ndani ya eneo lililolindwa la maabara kwenda chumba cha pili. Maafisa wa usalama wa taifa walizifungua chupa ambazo dunia iliamini hazifunguki. Mkojo wenye dawa ulimwagwa, na mkojo safi wa mwanariadha yule yule, uliogandishwa miezi kadhaa kabla, ukamiminwa mahali pake, kisha chumvi ikaongezwa ili vipimo vya kawaida vilingane na fomu iliyojazwa sampuli ilipochukuliwa. Alfajiri mashine zilifanya kazi yake kwa usahihi kamili, zikautangaza mkojo safi kuwa ni safi. Wachunguzi walioitambua hila hiyo walitumia mikwaruzo midogo ndani ya vifuniko na viwango vya chumvi ambavyo mwili wa binadamu hauwezi kuvitoa.

Katika taaluma, Rodchenkov hakuwa mganga wa kienyeji aliyejipenyeza. Yeye na mwenzake wa maabara ya Moscow ndio waliochapisha njia ya kuyaona mabaki ya muda mrefu ya Oral-Turinabol, ile dawa ya Ujerumani Mashariki, ambayo awali iliweza kuonekana kwa muda mfupi tu baada ya matumizi. Mkono ule ule ulioipa mashine macho makali zaidi ndio uliokuwa ukibadilisha chupa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba ithibati ya maabara na uadilifu wa mfumo ni mambo mawili.

Wala tatizo haliishii maabara. Mwaka 2020 mahakama ya Paris ilimtia hatiani Lamine Diack, aliyekuwa rais wa shirikisho la riadha duniani, kwa rushwa iliyohusiana na kuficha kesi za dawa za wanariadha wa Urusi. Mwaka huo huo McLaren alitoa ripoti kuhusu shirikisho la kunyanyua uzani, na ndani yake mlikuwa na kesi 40 zilizofichwa. Katika matukio hayo chupa zilikuwa salama na mashine zilisema kweli, ila jibu lilifika mezani kwa mtu aliyekuwa na faida katika ukimya.

Hili linatupeleka kwenye swali ambalo michezo ya kulipwa haijalijibu vizuri: nani anamiliki kipimo? Michezo ya Olimpiki iko chini ya kanuni za WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa lililoundwa mwaka 1999, linalogharimiwa nusu na harakati za Olimpiki na nusu na serikali. Kosa la kwanza la kutumia steroidi kwa makusudi humfungia mtu miaka 4. Wanariadha wakubwa hutaja mapema saa moja ya kila siku watakayopatikana mahali fulani, na makosa matatu ya kutopatikana au kutotoa taarifa hizo ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa ukiukaji wa kanuni za dawa, jambo lililomfungia bingwa wa dunia wa mita 100 wa mwaka 2019, Christian Coleman. Ligi kubwa za Marekani zimejitungia kanuni zake kwa makubaliano ya wamiliki na vyama vya wachezaji. Katika besiboli, kosa la kwanza ni mechi 80, ambayo ni kama nusu ya msimu. Ligi hiyo ilianza kupima kwa adhabu mwaka 2004, baada ya kipimo cha majaribio kisicho na majina cha mwaka 2003 kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 5 walikutwa na dawa. Wakati huo Mark McGwire alikuwa ameshapiga "home run" (pigo linaloupeleka mpira nje ya uwanja) 70 katika msimu mmoja na Barry Bonds 73. Na kashfa yake kubwa ya mwaka 2013, iliyomfungia Alex Rodriguez msimu mzima, ilitokana na daftari za kliniki moja ya Florida zilizovuja, wala haikuanzia kwenye mkojo.

Siamini kwamba ligi inayojipima ni lazima idanganye. Lakini mwenye kuuza tiketi akiwa ndiye pia anayeamua ni chupa ngapi zipimwe kwa kaboni, na mwezi gani wachezaji waachwe bila kuguswa, jibu lake safi lina uzito mdogo hata kama kila mtumishi wa maabara ni mwaminifu.

Upande wa pili wa mizani nao unahitaji haki yake. Mashine zimekuwa kali kiasi kwamba zinaona pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. Mwezi Machi 2024 mchezaji tenisi Jannik Sinner alikutwa na klostebo, steroidi halisi, kwa kiwango kisichofika hata sehemu moja ya bilioni ya gramu kwa mililita. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba mtaalamu wake wa viungo alijipulizia dawa ya kidonda kidoleni, kisha akamkanda kwa mikono mitupu. Jopo huru halikuona kosa lake. WADA ilikata rufaa, na mwezi Februari 2025 pande mbili zikakubaliana afungiwe miezi mitatu. Mpiganaji Jon Jones naye aliendelea kuonyesha mabaki ya Turinabol yaliyojitokeza na kupotea muda mrefu baada ya kukutwa nayo mwaka 2017, na mwezi Desemba 2018 pambano lake lilihamishwa ghafla kutoka Las Vegas hadi Los Angeles kwa sababu ya utata huo. Na kabla ya hayo, maabara ya Cologne ilinunua virutubisho 634 katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, ikakuta 94 kati yake vina steroidi ambazo lebo hazikuzitaja.

Katika kesi hizi mashine imejibu swali lake: kitu hiki kimo ndani ya chupa. Haijajibu kiliingiaje, lini, wala kama kilisaidia lolote, na sheria inamwachia mwanariadha mzigo wa kueleza. Mwenye fedha huajiri wataalamu na mawakili wakaueleza ndani ya siku chache. Mchezaji wa daraja la chini hufungiwa akiwa bado anatafuta namba ya simu ya mtu wa kumsaidia. Kwangu hii ni dosari nzito kuliko dosari yoyote ya kikemia, kwa sababu inawafanya watu waamini kwamba sheria mbili zinatumika, hata pale ambapo kila uamuzi mmoja mmoja unaweza kutetewa.

Chombo kimoja kimebadilisha hesabu kuliko vingine, nacho ni jokofu. Tangu mwaka 2015 kanuni zinaruhusu sampuli kuhifadhiwa kwa miaka 10 na kupimwa upya kwa mbinu ambazo siku ya mashindano hazikuwapo. Sampuli za Beijing 2008 na London 2012 zilipofunguliwa tena, kwa kutumia njia kama ile ya mabaki ya muda mrefu ya Turinabol, zaidi ya wanariadha 100 walikamatwa, wakiwemo wanyanyua uzani wengi, na dawa zilizotawala zilikuwa Turinabol na stanozolo. Wote hao walikuwa wameshatangazwa wasafi, na wengine waliisikia nyimbo ya taifa lao wakiwa jukwaani. Hata jokofu hilo linahitaji mlinzi: mwezi Januari 2018, wiki chache kabla ya Olimpiki ya PyeongChang, maabara ya Cologne iliripoti kwamba chupa za toleo jipya, zilizoundwa baada ya fedheha ya Sochi, zingeweza kufunguliwa zikigandishwa, na waandaaji wakalazimika kurudi kwenye toleo lililotangulia. Sampuli za Paris 2024 zitaendelea kusubiri katika baridi hiyo hadi mwaka 2034.